UZI: Kufuta mzazi na uzao wake kwenye jedwali linalojirejelea. ORM ifute au hifadhidata ifute?

Mzabibu_Hombolo (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Naomba tulijadili hili kwa kina, maana mifumo mingi inayojengwa hapa Dodoma ina umbo hili hili: jedwali moja la maeneo, kila rekodi inaelekeza kwa mzazi wake ndani ya jedwali hilo hilo. Mkoa, halmashauri, tarafa, kata, kijiji, kitongoji. Ngazi sita, jedwali moja. Halafu kuna jedwali la pili la wakulima wa zabibu na alizeti, kila mkulima kafungwa kwenye kijiji chake.

```
maeneo:   id, jina, ngazi, mzazi_id (inaelekeza maeneo.id, inaruhusu NULL)
wakulima: id, jina, eneo_id (inaelekeza maeneo.id)
```

Ukilijenga kwa EF Core (ORM ya .NET, yaani maktaba inayounganisha vitu vya kwenye kodi na rekodi za hifadhidata) juu ya SQL Server na kuweka `DeleteBehavior.Cascade` kati ya mzazi na watoto, migresheni (kodi inayounda au kubadilisha majedwali) inagoma kwa kosa namba 1785, inalalamikia mizunguko au njia nyingi za kaskedi, yaani kumfuta mzazi kufute na watoto wake. Ukiitoa, migresheni inapita. Lakini ukifuta halmashauri, mara unapata kosa la ufunguo wa nje (kolamu inayoelekeza rekodi nyingine, hapa `mzazi_id`), mara inafutika na kata zake zinabaki hazina mzazi. Kodi ile ile, matokeo mawili.

Maswali: (1) Kwa nini SQL Server inakataa? (2) Kwa nini tabia inabadilika? (3) Njia sahihi ya kufuta tawi zima ni ipi, na je, ukihamia PostgreSQL mambo yanabadilika?

---

Kiboriani

Mkuu, nianze na namba 2, ndiyo inayowapoteza wengi.

`MzaziId` yako inaruhusu NULL, kwa hiyo EF Core inauhesabu uhusiano huo kuwa wa hiari. Usipotaja chochote inatumia `ClientSetNull`. Maana yake: watoto waliokwisha kupakiwa na wanaofuatiliwa na DbContext (sehemu ya EF inayoshikilia rekodi zilizopakiwa) wanawekewa NULL kwanza, ndipo mzazi anafutwa. Watoto ambao hawajapakiwa EF haiwajui kabisa. Inatuma DELETE ya mzazi peke yake, na hifadhidata inaikataa kwa kosa 547 kwa sababu bado kuna rekodi zinazomwelekeza. Ndiyo maana ukiweka `Include(x => x.Watoto)` unapata kata zisizo na mzazi, na usipoweka unapata kosa. Kodi haijabadilika, kilichobadilika ni nani alikuwa kwenye kumbukumbu.

Namba 1: SQL Server inakagua umbo la funguo wakati wa kuunda kikwazo. Haiangalii data. Jedwali linalojirejelea kwake ni mzunguko tayari, hata kama data yako ni mti safi usio na kasoro. Kwa hiyo inakataa `ON DELETE CASCADE`, na inakataa `ON DELETE SET NULL` vilevile. Usipoteze mchana mzima kutafuta mpangilio utakaoikubalisha, haupo. Kikwazo chenyewe kiache `NO ACTION`, yaani hifadhidata ikatae kumfuta mzazi mwenye watoto.

Namba 3 kwa upande wa EF, kuna `ClientCascade`:

```
b.HasOne(x => x.Mzazi)
 .WithMany(x => x.Watoto)
 .HasForeignKey(x => x.MzaziId)
 .OnDelete(DeleteBehavior.ClientCascade);
```

Hapo hifadhidata haina kaskedi. EF yenyewe inafuta watoto kabla ya wazazi. Sharti ni lile lile: uzao wote uwe umepakiwa. `Include` moja inashusha ngazi moja tu. Ukifuta halmashauri ya Bahi ukiwa umepakia tarafa peke yake, DELETE itagonga kwenye kata.

Si lazima uandike `ThenInclude` kwa kila ngazi. Pakia rekodi zote za tawi kama orodha bapa kwa amri moja, EF itawaunganisha wazazi na watoto wenyewe kwa kutazama funguo. Hilo ni rahisi ukiwa na kolamu ya njia, inayoandika namba za wazazi wote mpaka eneo lenyewe, mfano `/1/14/203/`:

```
var tawi = await db.Maeneo
    .Where(x => x.Njia.StartsWith("/1/14/"))
    .ToListAsync();
db.Remove(tawi.Single(x => x.Id == 14));
await db.SaveChangesAsync();
```

Angalia mkwaju wa mwisho kwenye `/1/14/`. Ukiandika `/1/14` bila mkwaju, unavuta pia tawi la `/1/140/` na `/1/1402/`. Kwenye amri hii halitaleta madhara makubwa, kwa kuwa `Remove` inaanzia namba 14. Lakini mtu akija kuinakili `Where` hiyo kwenye `ExecuteDelete`, inayofuta moja kwa moja kila rekodi iliyolingana, amefuta halmashauri ambayo hakuna aliyeitaja.

---

DadaKodi_Nzuguni

Naongezea kwa Kiboriani. Tawi likiwa kubwa, kupakia maelfu ya rekodi ili uzifute tu ni kuichosha seva bure. Kwenye SQL Server fanya hivi:

```
WITH tawi AS (
  SELECT id FROM maeneo WHERE id = @id
  UNION ALL
  SELECT m.id FROM maeneo m
  JOIN tawi t ON m.mzazi_id = t.id
)
DELETE FROM maeneo
WHERE id IN (SELECT id FROM tawi);
```

Inapita bila kaskedi kwa sababu SQL Server inakagua kikwazo mwisho wa amri nzima, si rekodi moja moja. Mzazi na watoto wakiondoka kwa amri moja, hakuna anayebaki akielekeza pasipo mtu.

Kikomo cha kujirudia ni 100 usipokibadilisha. Kwa ngazi sita ni kingi mno, na ningekiacha hivyo hivyo. Ukiona kosa 530 kwamba kikomo kimeisha, usikimbilie `MAXRECURSION 0`. Kwenye mti wa ngazi sita kosa hilo lina maana moja tu: data ina mzunguko, kuna kijiji kimekuwa babu wa kata yake yenyewe. Rekebisha data kwanza. Ukiweka 0 juu ya data yenye mzunguko, amri haitaisha.

---

Ntyuka_Data

Swali la PostgreSQL nalichukua mimi.

PostgreSQL inakubali `ON DELETE CASCADE` kwenye jedwali linalojirejelea bila ubishi. Unafuta rekodi moja, uzao wote unaondoka ndani ya muamala (transaction: amri zinazofaulu zote au kurudi nyuma zote) ule ule. Kinachowaumiza watu ni faharasa (index), inayoiwezesha hifadhidata kupata rekodi bila kusoma jedwali zima. PostgreSQL inaweka faharasa kwenye ufunguo mkuu, haiweki kwenye kolamu ya ufunguo wa nje. Kwa hiyo `maeneo.mzazi_id` haina faharasa mpaka uiweke mwenyewe, au ORM yako ikuwekee. EF Core na Django huiweka. Ukiandika jedwali kwa mkono, usitegemee.

Piga hesabu. Tuseme jedwali lina rekodi 20,000 na tawi unalofuta lina 3,000. Kwa kila rekodi inayofutwa, hifadhidata inauliza: kuna mtoto wa huyu? Bila faharasa, kila swali ni kusoma jedwali zima. 3,000 mara 20,000 ni ukaguzi wa rekodi milioni 60 kwa kitufe kimoja cha Futa. Na bado: jedwali la wakulima nalo linaulizwa kwa kila eneo linalofutwa. Likiwa na rekodi 80,000 na `eneo_id` haina faharasa, ongeza milioni 240 juu yake.

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY maeneo_mzazi_idx ON maeneo (mzazi_id);
CREATE INDEX CONCURRENTLY wakulima_eneo_idx ON wakulima (eneo_id);
```

`CONCURRENTLY` haikubali kukaa ndani ya muamala, kwa hiyo migresheni inayojifunga kwenye muamala itaikataa. Itenganishe.

Kuona muda unaenda wapi, kwenye nakala ya data, si kwenye mfumo ulio hewani:

```
BEGIN;
EXPLAIN ANALYZE DELETE FROM maeneo WHERE id = 14;
ROLLBACK;
```

`EXPLAIN ANALYZE` inafuta kweli kweli, ndiyo maana ya hiyo ROLLBACK. Chini ya matokeo soma mistari inayoanza na `Trigger for constraint`. Mstari wenye muda mkubwa ndio unaokuonyesha jedwali lisilo na faharasa.

---

Itigi_Junction

Tunaotumia MySQL je? Kaskedi ya InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, inafaa?

---

Ntyuka_Data

Inafaa kwa mti wako wa maeneo, mkuu. Faharasa ya ufunguo wa nje InnoDB inaiweka yenyewe. Kikomo ni ngazi 15 za kaskedi, na sita zinatosha humo kwa nafasi. Kwa mti usio na mwisho unaojulikana, kama majibu ya maoni yanayojibiana, ngazi 15 zinafikiwa na kufuta kunakataliwa.

Ila ile amri ya Dada hapo juu usiihamishe MySQL kama ilivyo ukiwa huna kaskedi. InnoDB inakagua ufunguo wa nje rekodi kwa rekodi. Ikimgusa mzazi kabla ya mtoto, unapata kosa 1451. Kusanya namba pamoja na kina chake kwa `WITH RECURSIVE`, ipo tangu toleo 8.0, kisha futa kuanzia kina kikubwa kuja juu: vitongoji, vijiji, kata, na kuendelea, yote ndani ya muamala mmoja.

---

FundiJava_Kizota

Kwa wenzangu wa Hibernate (ORM ya Java), kosa moja naomba kila mtu alikague leo kwenye kodi yake:

```
@ManyToOne(cascade = CascadeType.ALL)   // HAPANA
private Eneo mzazi;

@OneToMany(mappedBy = "mzazi", cascade = CascadeType.ALL)
private List<Eneo> watoto;
```

`ALL` ina `REMOVE` ndani yake. Fuatilia hatua kwa hatua mtu akifuta kitongoji kimoja cha Kigwe. Hibernate inafuta kitongoji, inaona mzazi ana kaskedi, inapanda kufuta kijiji cha Kigwe. Kijiji kina mzazi: kata. Kata, tarafa, halmashauri ya Bahi, mkoa wa Dodoma. Na kila inapopanda, upande wa `watoto` nao una kaskedi, kwa hiyo inateremka kwenye matawi mengine yote: Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Kondoa. Kitongoji kimoja kinaondoka na mkoa. Na hakuna kosa litakalotokea, kwa sababu amri zote ni halali. Kitakachokuokoa ni rekodi ya jedwali jingine inayozuia kufutwa, kama ipo.

Kaskedi inaandikwa upande wa watoto tu. Upande wa `mzazi` usiweke kitu zaidi ya `fetch = FetchType.LAZY`.

Jambo la pili ni idadi ya amri. Kwa `CascadeType.REMOVE`, Hibernate inapakia watoto wa kila nodi kwa SELECT yake, kisha inafuta kila nodi kwa DELETE yake. Tawi la nodi 500 ni karibu amri 1,000. `hibernate.jdbc.batch_size` inakusanya zile DELETE, SELECT haizigusi. Kama hifadhidata yako inakubali kaskedi, iachie yenyewe kwa `@OnDelete(action = OnDeleteAction.CASCADE)` juu ya `mzazi`, na uondoe `REMOVE` kwenye `watoto`. Hapo inatoka DELETE moja. Baada yake fanya `entityManager.clear()`, la sivyo vitu vilivyokwisha kufutwa vinabaki kwenye seshoni kana kwamba vipo.

Na amri za JPQL (lugha ya Hibernate inayofanana na SQL) za `delete from Eneo e where ...` hazifuati kaskedi ya kwenye kodi hata kidogo. Zinakwenda moja kwa moja kwenye jedwali.

---

Makole_Python

Django (ya Python) kwa kifupi. `on_delete=models.CASCADE` haiandiki kaskedi kwenye hifadhidata. Django inakusanya uzao kwa Python, ngazi baada ya ngazi, kisha inafuta. Matokeo yake mawili: mtu akiingia kwa `psql` (dirisha la amri la PostgreSQL) na kufuta mzazi, atapata kosa la ufunguo wa nje wala si kaskedi. Na kama umeandika `delete()` yako kwenye modeli, mfano ya kufuta faili la picha, haitaitwa kwa watoto wanaofutwa kwa kaskedi. Ishara za `pre_delete` na `post_delete` zinaitwa. Weka usafi wako huko.

SQLAlchemy, ORM nyingine ya Python: usipoweka kaskedi, inawawekea watoto NULL. Andika `cascade="all, delete-orphan"` upande wa watoto, `remote_side=[id]` upande wa mzazi, na `passive_deletes=True` kama hifadhidata ina `ON DELETE CASCADE`, ili isiwapakie watoto bila sababu.

---

Mzabibu_Hombolo

Nawashukuru sana. Swali: vipi `SET NULL`? PostgreSQL inaikubali, na haifuti kitu. Si salama zaidi?

---

DadaKodi_Nzuguni

Hapana kaka. Kwenye mti wa maeneo NULL ina maana tayari: "huyu ni shina, huyu ni mkoa". Ukifuta Bahi kwa `SET NULL`, tarafa zake zinageuka mashina. Fungua fomu ya kuandikisha mkulima, kwenye orodha ya mikoa utaona Dodoma, Singida, na chini yake jina la tarafa. Mwandikishaji atalichagua tu. Ripoti ya mkoa nayo inapungua bila mtu kujua, kwa sababu wakulima wa tawi hilo hawahesabiwi tena chini ya Dodoma. Kufuta kunaonekana. Hili halionekani mpaka hesabu zigome kulingana.

Weka kikwazo hiki:

```
ALTER TABLE maeneo ADD CONSTRAINT shina_ni_mkoa
CHECK ((ngazi = 'mkoa') = (mzazi_id IS NULL));
```

Hapo `SET NULL` yoyote, iwe ya hifadhidata au ya ORM, inagonga kikwazo na muamala mzima unarudi nyuma. Kwenye SQL Server huwezi kulinganisha masharti mawili hivyo, andika kwa `OR`: ni mkoa na hana mzazi, au si mkoa na ana mzazi.

---

Kiboriani

Sasa niseme ninaloliamini kabisa: mti wa maeneo haufai kufutwa kwa kaskedi, teknolojia ikubali ikatae. Maeneo hayafi, yanagawanywa na kuhamishwa. Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Kwamtoro na Farkwa hazikufutika, zilibadilisha mzazi. Kwenye mfumo hiyo ni rekodi mpya ya Chemba na `UPDATE` ya `mzazi_id` kwa matawi yanayohama. Anayefuta "Kondoa ya zamani" ili aandike upya amefuta vijiji, na kama wakulima nao wana kaskedi, amefuta watu.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea: `wakulima.eneo_id` iwe `NO ACTION`, bila kaskedi ya aina yoyote, wala kwenye ORM. Hata ukiruhusu kaskedi ndani ya `maeneo`, tawi lenye mkulima mmoja tu litakataa kufutika lote. Tawi tupu, lililoandikwa kimakosa, litafutika. Hiyo ndiyo tabia unayoitaka.

Ukihamisha tawi, kagua mzazi mpya asiwe ndani ya uzao wa anayehama. `CHECK (mzazi_id <> id)` inazuia mtu kuwa mzazi wake mwenyewe, haizuii A kuwa chini ya B huku B iko chini ya A. Panda kutoka kwa mzazi mpya hadi shina, na ukikutana na namba ya anayehama, kataa. Kama una kolamu ya njia, kumbuka kuiandika upya kwa tawi zima ndani ya muamala huo huo.

---

Itigi_Junction

Nakubaliana na Kiboriani. Ila wengi huku tunatumia Laravel na `SoftDeletes`, kwa hiyo hatufuti, tunaweka tarehe kwenye `deleted_at`. Hilo halimalizi tatizo?

---

FundiJava_Kizota

Halimalizi, mkuu. `SoftDeletes` ni UPDATE. Kaskedi ya hifadhidata inasubiri DELETE, kwa hiyo `cascadeOnDelete()` kwenye migresheni yako haitaamka. Halmashauri inafichika, kata zake zinabaki wazi, na ukurasa unaoandika `$kata->mzazi->jina` unatoa `Attempt to read property "jina" on null`.

Ficha tawi zima kwa amri moja ya `WITH RECURSIVE`, na weka saa ile ile kwa rekodi zote, ukigusa tu zile ambazo `deleted_at` yake bado ni NULL. Siku ya kurudisha, unarudisha tawi kwa kulinganisha saa hiyo. Kijiji kilichofichwa miezi mitatu kabla kwa sababu nyingine kina saa tofauti, kitabaki kilivyo. Usipofanya hivyo, kurudisha kunafufua hata vilivyoondolewa kwa haki.

---

Makole_Python

Na majaribio, wakuu. SQLite haikagui funguo za nje mpaka kila muunganisho upewe `PRAGMA foreign_keys = ON`. Django na EF Core huiwasha, SQLAlchemy haiwashi yenyewe. Ile hifadhidata ya kumbukumbu ya EF Core haina vikwazo vya uhusiano kabisa. Jaribio la kufuta litapita hapo na kugonga kwenye seva. Lijaribu kwenye aina ile ile ya hifadhidata utakayoitumia, kwa mti wa ngazi tatu au zaidi. Ngazi mbili hazionyeshi kosa la `Include`. Na hesabu rekodi zilizobaki pamoja na zilizofutika: tawi jirani lazima liwe kamili.

---

Mzabibu_Hombolo

Nimeelewa. Naacha `NO ACTION` kwenye funguo zote mbili na kutumia `DeleteBehavior.NoAction` kwenye EF. Kufuta kutapitia amri ya Dada ndani ya muamala, nikihesabu wakulima wa tawi kwanza ili mtumiaji aone idadi badala ya kosa. Kikwazo cha shina nakiweka kwa `OR`. Limebaki moja: nikituma amri hiyo kwa `ExecuteSqlInterpolatedAsync`, DbContext itajua kwamba tawi limeondoka?

---

Kiboriani

Haitajua. Rekodi zilizopakiwa kabla zitabaki zikifuatiliwa. Ukigusa mojawapo kisha ukaita `SaveChanges`, EF itatuma UPDATE, itaambiwa rekodi 0 zimeguswa, na utapata `DbUpdateConcurrencyException`. Ita `db.ChangeTracker.Clear()` mara tu baada ya kuthibitisha muamala. Ipo tangu EF Core 5. Kama kuna mabadiliko mengine ambayo hayajahifadhiwa kwenye DbContext hiyo, yahifadhi kabla ya kufuta, maana `Clear` inaondoka nayo.